Upo?

Kila asubuhi, adhana ya alfajiri ikishamalizika, shangazi yangu wa Magomeni hufanya mambo matatu kwa mpangilio usiobadilika. Huwasha taa ya sebuleni, huondoa kipande cha khanga kuukuu kinachofunika tundu la ndege lililo juu ya kabati, kisha huuliza, "Upo?" Humo tunduni hutoka mlio mmoja mkali na mfupi, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Shangazi husema, "Haya," akaenda jikoni kubandika chai.

Nimelala nyumbani kwake mara nyingi, na kwa muda mrefu nililichukulia jambo hili kuwa mazoea ya mtu mzima anayeishi peke yake. Mume amefariki, mtoto mmoja yuko Mwanza na mwingine Muscat, wapangaji wa uani hutoka gizani na kurudi gizani. Mtu wa namna hiyo lazima aongee na kitu. Wengine huongea na redio. Lakini mwaka jana nilikaa na ndege yule siku nne, sisi wawili tu, na tangu hapo lile neno dogo la asubuhi limegoma kunitoka kichwani.

Ndege anaitwa Karani. Ni kasuku, ila si yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu ambaye wengi tunamfikiria neno hilo likitajwa. Huyu ni mdogo: sentimita 15 hivi toka mdomoni hadi ncha ya mkia, uzito wake kama gramu 50, yaani yai la kuku. Mwili ni wa kijani, shingo ya njano inayokolea kuwa rangi ya chungwa kadiri inavyopanda usoni, mdomo mwekundu kama uliopakwa rangi ya kucha, na kila jicho limezungushiwa duara jeupe, kiasi kwamba muda wote anaonekana kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho ameshakishika mkononi. Jina alipewa na marehemu mume wa shangazi kwa sababu kazi yake ni karatasi. Mwachie gazeti, risiti ya luku au kadi, ataanzia pembeni, atatoboa kwa mdomo tundu moja baada ya jingine kwa mstari ulionyooka, hadi utoke utepe mwembamba. Anauweka, anaanza mwingine. Kadi za michango ya harusi ndizo anazozipenda zaidi, na shangazi hajawahi kumkataza.

Kwa miaka mitatu Karani alikuwa dume. Katika aina hii dume na jike hawatofautiani kwa macho, na hapakuwa na sababu ya kushuku. Kisha, Ramadhani moja, shangazi akakuta yai jeupe sakafuni mwa tundu, dogo kuliko tende. "Mume wangu kafa anamwita bwana," aliniambia, "na yeye kanyamaza tu." Yalifuata mayai mengine manne. Hayakuwa na baba, na daktari wa mifugo alishauri yaachwe palepale, kwani yakiondolewa jike huendelea kutaga hadi mwili wake unakwisha. Karani aliyalalia wiki tatu na zaidi, hataki kutoka, anatoa mdomo nje ukimkaribia. Halafu siku moja akashuka mwenyewe, akarudi kwenye karatasi zake, wala hakugeuka kuyatazama. Shangazi alimpa siku mbili zaidi, kwa adabu, ndipo akayatoa.

Asili ya ndege huyu haiko mbali. Ni wa kaskazini mwa Tanzania: Serengeti na Ndutu, kushuka kusini mwa Ziwa Victoria hadi maeneo ya Nzega na Singida. Jina lake la kitaalamu limetokana na Gustav Fischer, daktari na msafiri Mjerumani aliyezunguka nchi hizi na kufariki mwaka 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow ndiye aliyemwandika rasmi kwa jina hilo. Waingereza humwita ndege wa mapenzi, Wafaransa humwita asiyetengana na mwenzake. Watu wa Nzega walikuwa wakimwita mwizi.

Hilo la wizi nalijua kwa shangazi mwenyewe, maana kwao ni Nzega. Alipokuwa msichana wa miaka tisa, kumi, kazi yake mtama ukianza kukomaa ilikuwa kuamia. Alipanda dunguni jua halijachomoza, kombeo mkononi, debe bovu la kupiga kelele pembeni, na hashuki mpaka jioni. Ndege wa kutisha walikuwa kwelea kwelea, ambao wakitua shambani hesabu limekwisha, lakini hawa wa kijani nao walikuwamo, wanakuja makundi makundi kwa kelele, wanang'ang'ania masuke vichwa chini miguu juu. "Nimeua wengi," aliniambia siku moja, Karani akiwa begani kwake anavuta hereni. "Lakini sikuwahi kumtazama hata mmoja usoni."

Lugha yetu haijamtendea haki kasuku. Mwanafunzi aliyemeza majibu asiyoyaelewa anakariri kama kasuku. Mwanasiasa anayerudia kauli ya mkubwa wake ni kasuku. Nchini Kenya jina hilo limechapwa hata kwenye majalada ya madaftari ya shule, na hapo huwa najiuliza aliyelichagua alikuwa anatania au hakusikia alichokisema. Tuhuma ni ileile kila mahali: kasuku ana maneno, hana maana. Karani kesi yake ni mbaya zaidi, kwani hata hayo maneno hana. Aina yake ni nadra kuiga usemi wa binadamu. Ana milio yake michache, basi.

Wapo waliojaribu kumtetea kasuku mahakamani. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama huko Chicago, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Alex alijua kutaja vitu vipatavyo 50, rangi 7 na maumbo 5, na alihesabu hadi 6. Ukimwonyesha vitu viwili ukamuuliza vinatofautiana nini, atasema ni rangi, au umbo. Visipotofautiana, atasema hakuna. Alikufa Septemba 2007 akiwa na miaka 31. Ni habari ya heshima, na watu walioandika kwamba ndege ni mashine yenye manyoya walipaswa kuomba radhi. Ila nikiri kwamba hainigusi sana. Imempa kasuku alama nzuri katika mtihani tulioutunga sisi, kwa lugha yetu, kuhusu vitu vyetu.

Inayonigusa ni habari ya kasuku wengine, wadogo hata kuliko Karani, wanaoishi mwituni Venezuela. Karl Berg na wenzake waliweka kamera na vinasa sauti kwenye viota vyao, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona. Kila kifaranga huwa na mlio wake wa pekee wa kuitwa, na huupata kwa wazazi kabla hajaweza kuutoa mwenyewe. Ili kujua kama ni jambo la damu au la malezi, watafiti walihamisha mayai toka kiota hiki kwenda kile. Vifaranga wakakua na milio inayofanana na ya waliowalea. Waliowataga hawakurithiwa kitu. Kwa Kiswahili cha kawaida: kifaranga anapewa jina, na anapewa na wa nyumbani.

Jina la nini, kwa kiumbe asiye na barua ya kutumiwa? Kasuku ni ndege wa kundi, na wengi wao ni kijani ndani ya majani ya kijani. Hawaonani. Kwa hiyo kutwa nzima wanaitana: mmoja analia, mwingine anaitikia, wanahama mti, wanaitana tena. Mlio ule hausemi chakula kiko wapi wala mwewe anatokea upande gani. Hayo yana milio yake. Wataalamu wameupa jina refu lenye neno mawasiliano ndani yake. Mimi naona jina tulikuwa nalo siku zote.

Mgeni anayejifunza Kiswahili huchoshwa haraka na salamu zetu. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunashukuru. Anawatazama watu wawili wamesimama Kariakoo, mikokoteni inawapigia kelele wapishe, dakika nzima inapita na hawajapeana taarifa hata moja. Baadaye anagundua kwamba yule wa "nzuri" alikuwa anatoka wodini kumwona mtoto. Anatuona waongo, au makasuku. Hajui kwamba "nzuri" haikuwa jibu la swali aliloliona yeye. Ndiyo maana kwetu inawezekana kabisa mtu kusema, "Nzuri, ila mama tumemzika jana," na hakuna anayemkosoa kwa kujipinga. Sehemu ya kwanza ya sentensi inasema mimi nipo na wewe nimekuona. Habari inaanzia baada ya "ila". Rafiki asipoonekana wiki mbili tunamshtaki: "Umepotea!" Naye hujitetea kwa neno moja, "Nipo." Hatumuulizi ulikuwa wapi. Alichoulizwa ameshajibu. Na siku mambo yamekuwa mabaya kiasi kwamba hata "nzuri" inagoma kutoka, bado kuna akiba: "Tupo tu."

Nimekuwa nikidhani, kama wengi, kwamba maana ni mzigo uliofungwa ndani ya neno, na mwenye akili ni anayejua kuufungua. Kwa mtazamo huo salamu ni kifurushi kitupu na mlio wa ndege ni kelele. Lakini fikiria neno "nipo" lenyewe. Halimpi msikilizaji kitu asichokijua, kwani sauti tu imeshamwambia kwamba mtu yupo. Na bado huwezi kulisema ukiwa peke yako chumbani. Jaribu, utajisikia umechanganyikiwa. Linahitaji aliyeuliza. Maana yake yote iko nje yake, kwa yule wa upande wa pili anayelisubiri.

Marehemu mume wa shangazi hakuwa mtu wa kubisha hodi nyumbani kwake. Kila jioni akifika mlangoni, kabla hajavua viatu, aliita, "Upo?" na shangazi akajibu kutoka jikoni, "Nipo." Miaka 30 na ushei. Karani alipoletwa naye akadaka: mzee akiita mlangoni, ndege alitangulia kuitikia, na mzee akajifanya amekasirika kwamba mke wake ana msemaji. Kisha mzee akafa. Siku za matanga nyumba ilijaa, ikajaa tena kwa arobaini, halafu ikawa kimya. Sijui ni lini hasa shangazi alianza yeye kuuliza. Sikumuuliza, na haikuwa na haja. Kwa miaka 30 alikuwa mwenye kuitikia. Alipokosekana wa kumwita, ilibidi aje upande ule mwingine wa swali.

Habari ya wito na kuitikiwa ina upande wake wa giza, na ingekuwa rahisi kwangu kuuruka. Kasuku wa kijivu wa misitu ya mashariki mwa Kongo, kule ambako nako Kiswahili ndicho cha sokoni, wanakamatwa kwa ulimbo. Mtegaji hupaka gundi hiyo kwenye matawi, kisha huweka hapo kasuku aliyekwisha kukamatwa. Huyo analia. Analia kwa sababu yuko peke yake, ndiyo kazi ya mlio ule. Kundi linapita juu, linasikia mwenzao anauliza, linashuka kuitikia, linanasa. Hakuna hila iliyoongezwa hapo. Kinachowakamata ni adabu yao wenyewe ya kutopita bila kujibu. Wengi hufa njiani ndani ya makreti kabla hawajafika kwa yeyote wa kuwaita majina. Mwaka 2016, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Johannesburg, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotoka porini ilipigwa marufuku.

Ndugu zake Karani nao walikuwa na zamu yao. Katika miaka ya 1980 ndege huyu wa Serengeti na Nzega alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani; walipakiwa kwa maelfu kwenda Ulaya na kwingineko. Mwizi wa mtama alikuwa amegeuka bidhaa. Umoja wa Ulaya ulifunga kabisa mlango wa ndege wa porini mwaka 2007, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Hapa nyumbani, sheria ya wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kumtoa kiumbe porini akamweka sebuleni bila kibali. Karani alizaliwa tunduni kwa mfugaji, na karatasi zake zimo bahasha moja na hati ya nyumba. Ndizo karatasi pekee mle ndani zinazofungiwa kwa ufunguo, na sababu si wezi.

Sasa zile siku nne. Kulikuwa na msiba Nzega, na shangazi hakuweza kukataa kwenda ingawa alijaribu. Aliniita, akanipa ufunguo na ukurasa wa daftari wenye masharti: asipewe parachichi hata kidogo, ni sumu kwake, nisitumie kikaango kile cha kisasa kisichogandisha, kwani kikipata moto mkali moshi wake huua ndege kwa dakika chache, asiwekwe penye upepo, afunikwe saa moja jioni, aongeleshwe. Hilo la mwisho lilipigiwa mstari. Niliuacha ukurasa mezani nikaenda kumfungia mizigo yake garini, niliporudi Karani alikuwa ameshafika sharti la tatu.

Siku ya kwanza alilia kila mlango ulipotikisika. Ya pili akanyamaza. Nilipiga mluzi, nikamsomea gazeti, nikamchezea video za kasuku kwenye simu, naye akakaa amejituna kama kijipira cha manyoya, jicho nusu. Ndege mgonjwa huficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho, hilo nilikuwa nimelisoma, kwa hiyo niliogopa kuliko ilivyostahili. Jioni nikafanya nilichokiona busara: nikamtundikia kioo kidogo tunduni.

Alichangamka palepale. Alikisogelea, akainamisha kichwa, akalia. Yule wa kwenye kioo naye akainamisha kichwa, lakini hakulia. Akalia tena. Kisha akaanza kutikisa shingo na kucheua punje, akazibandika kwenye kioo moja baada ya nyingine, kama anavyolishwa mwenza katika kundi lake. Punje ziliteleza zikaanguka. Akaziokota, akameza, akacheua tena, akabandika tena. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mle ndani kulikuwa na uso mzuri, uliomfuata kila alikokwenda, uliokubaliana naye kwa kila jambo, na usiomjibu. Nikakumbuka simu yangu iliyokuwa mkononi tangu asubuhi. Nikakiondoa kioo.

Siku ya tatu shangazi akapiga. Nikaweka sauti kubwa. Alinisalimia, nikamwamkia, akauliza ndege, nikasema hajambo, "ila amenyamaza". "Mweke karibu," akasema. Kisha, katikati ya makelele ya watu wa msibani, "Karani, upo?"

Bawaba ya mlango ikalia hadi nikaziba sikio.

Aliporudi nilimuuliza Nzega kukoje. Akasema kaka yake amezeeka, mvua zimechelewa, na ndugu zake Karani amewaona. "Wamemaliza mtama wa watu," akasema, akimkuna ndege shingoni. "Watoto hawaamii tena. Wako shule."

Je, ni haki kumweka kiumbe wa kundi sebuleni Magomeni awe kundi la mtu mmoja? Shangazi ana jibu lake, na ni jibu la watu wa pwani wengi. Mdogo wake sahaba Anas bin Malik, mtoto aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume alizoea kumtania mtoto huyo kwa kumuuliza habari za kidege. Mashekhe wamechukua humo ruhusa ya kufuga ndege, mradi alishwe na asiteswe. Na upande wa pili wamemweka yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Shangazi hulisha. Shangazi hatesi. Kwa hesabu hiyo kesi imekwisha.

Mimi nina kisa kingine kinachonisumbua, cha mshairi Rumi, aliyefariki Konya mwaka 1273. Tajiri mmoja alikuwa na kasuku tunduni. Akaaga anakwenda Bara Hindi, akamuuliza ndege amletee zawadi gani. Kasuku akasema, ukiwaona kasuku wa huko wasalimie, waambie mwenzao yuko tunduni. Tajiri akafikisha salamu. Kasuku mmoja akatetemeka, akaanguka, akafa. Tajiri akajuta, akarudi, akasimulia. Na wa kwake naye akatetemeka, akaanguka, akafa. Akamtoa tunduni akilia, akamtupa nje. Kasuku akaruka juu ya tawi. Yule wa Bara Hindi hakuwa amefariki. Alikuwa ametuma njia ya kutoka.

Wanaofasiri kisa hiki huzungumzia kufa kabla ya kufa, na wana haki yao. Mimi hunishika mahali pengine. Ujumbe ule ulisafiri kwenda na kurudi kwa mdomo wa tajiri. Yeye ndiye aliyebeba maneno asiyoyaelewa, akayarudia kwa uaminifu, herufi kwa herufi, mbele ya aliyeyaelewa. Katika hadithi nzima kasuku ni yeye. Tangu nilipoliona hilo siwezi kusema kwa uhakika ule wa zamani kwamba Karani anaposikia "Upo?" anajibu "Nipo". Hiyo ni tafsiri yangu, mimi mchukuzi wa salamu. Yumkini yeye ndiye anayeuliza, kila asubuhi, na anachouliza ni wengine wako wapi.

Kumfungulia dirisha si jibu. Kunguru wa Dar es Salaam wangemmaliza kabla hajavuka barabara. Kule Naivasha, Kenya, yapo makundi ya mahuluti ya ndege hawa na ndugu zao wa aina nyingine, vizazi vya waliotoroka au kuachiwa; wamepona kwa sababu walikuwa wengi. Mmoja hawezi kuwa kundi. Basi nikamwambia shangazi kile nilichokuwa nakikwepa.

"Shangazi, huyu anataka mwenzake."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni shangazi."

Alikunja khanga ya tundu mara mbili, akaikunjua. "Akipata mwenzake hatanihitaji," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma mizani. Sikumbishia, maana ni kweli. Wafugaji wote watakwambia hivyo. Wapo wanaofuga mmoja makusudi ili awe wao peke yao. Nilitaka kusema kwamba kuna upendo unaopunguza dunia ya unayempenda ili wewe ubaki mkubwa ndani yake, nikaona ni maneno ya gazetini. Nikanywa chai yangu.

Baada ya wiki mbili alinipigia: "Mwanangu, njoo Jumamosi. Tuna mgeni."

Mgeni ametoka kwa mfugaji yuleyule, na safari hii udume ulithibitishwa kwa kipimo cha unyoya. Shangazi amemwita Mkaguzi. Alikaa mwezi mzima chumba cha pili, tundu lake peke yake, ili kama ana maradhi yaonekane kabla hawajakutana. Lakini siku ileile ya kwanza, ukuta katikati, hawajaonana, walianza kuitana, na hawakunyamaza mpaka walipofunikwa. Sasa wanakaa tundu moja, kubwa zaidi, bega kwa bega kwenye kijiti kimoja ingawa vijiti viko vitano. Karatasi zinachanwa na mmoja, mwingine anakagua.

Asubuhi shangazi huuliza vilevile. Siku nyingine hujibiwa, siku nyingine wale wawili wana mambo yao. Asipojibiwa hurudia mara moja tu, halafu huenda kubandika chai. Siku moja nililala pale, nikasikia kimya kimezidi, nikaitikia mimi kutoka chumbani. Akaniambia hakuniuliza mimi.